Shajara ya ghala: kuokoa kimo cha mita nane

Wiki ya 1

Tumekabidhiwa funguo. Ghala lina urefu wa mita 48 na upana wa mita 20. Kuta zinapanda mita 6 hadi zinapokutana na kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, na kilele cha paa kiko mita 8 kutoka sakafuni. Nguzo za chuma zimesimama jozi kwa jozi kila baada ya mita 6, na nafasi iliyo kati ya jozi mbili tunaiita behewa. Tunayo mabehewa manane. Paa ni la mabati, na hapa na pale pamechomekwa vipande vya faibaglasi vilivyowekwa zamani ili mwanga upite. Sasa vimekuwa vya manjano kama karatasi ya kale.

Kazi yetu ni kulifanya ghala hili liwe ofisi ya watu 110. Mwenye jengo amerudia neno moja tangu siku ya kwanza: anataka ofisi "inayokaribisha". Ila mchoro aliokuja nao una dari ya kuning'inia, mita 3 kutoka sakafuni, ukuta hadi ukuta. Sababu zake zina uzito: joto la bati, mwangwi, gharama ya kupoza hewa yote ile ya juu. Nimemwomba asiisaini dari hiyo mpaka tulifungue paa na kulisoma. Nikisimama katikati ya ghala hili na kuinua macho, kifua kinapanuka. Tukiweka dari tutakuwa tumenunua ghala na kupata ukumbi mfupi ambao ungejengwa popote. Amekubali kusubiri hadi wiki ya 12.

Mzee wetu wa kuchomelea vyuma alipiga makofi mara moja pale katikati, akanyanyua kidole, tukasubiri wote. Sauti ilizunguka, ikapanda, ikarudi. "Mwanangu," akaniambia, "hapa watu 110 wakizungumza, hakuna atakayesikia neno." Ameliona tatizo kabla ya mchoro wowote.

Wiki ya 2

Ukaguzi wa vyuma. Nguzo kumi na sita kati ya kumi na nane ni nzima. Mbili za upande wa nyuma zimeliwa na kutu chini kabisa, pale sahani ya chuma inapokaa juu ya zege. Kwa macho zilionekana na rangi nzuri tu. Mzee aligonga kwa nyundo toka juu kwenda chini, na mlio ulipobadilika akakwangua. Rangi ilibanduka kama gamba, ndani unga mtupu. Tutazipa kenchi egemeo la muda, tukate sehemu iliyooza na kuunga chuma kipya.

Habari mbaya imetoka kwenye banda la nyongeza lililobandikwa ubavuni mwa ghala. Paa lake si bati, ni karatasi za saruji zenye asbesto, na mabomba ya zamani ya mvuke yamefungwa kwa kitu kinachotia shaka hiyo hiyo. Nimefunga eneo lote siku hiyo hiyo. Asbesto ikiwa imetulia haina haraka ya kudhuru. Hatari ni pale mtu anapoikata, kuitoboa au kuifagia ikiwa kavu, kwa kuwa nyuzi zake ni nyembamba mno, huelea hewani kwa saa nyingi na hukaa mapafuni kwa miaka mingi kabla ugonjwa haujajitokeza. Uingereza ilipiga marufuku aina ya mwisho iliyokuwa bado ikitumika mwaka 1999, lakini majengo yaliyojengwa kabla ya hapo hayakubomolewa, na hivyo ndivyo ilivyo katika sehemu nyingi za dunia. Yeyote anayenunua ghala la zamani apime kwanza, ndipo achore.

Wiki ya 3 hadi ya 5

Siku 19 zimekwenda kwa asbesto. Kikosi chenye kibali cha kazi hiyo kililowesha karatasi, kikazifungua boliti kwa boliti bila kuzivunja, kikazifunga kwenye mifuko maradufu na kuziondoa. Mafundi wangu walikaa nje ya uzio. Mmoja alilalamika kwamba tunapoteza muda. Nilimjibu kuwa muda huo ni wa mapafu yake, na nilimaanisha.

Wakati huo huo tulipandisha majukwaa kuelekea paani. Amri ni moja: hakuna kukanyaga vipande vya faibaglasi hata ukiwa umevaa mkanda. Jua limeshavikausha, vinavunjika kama biskuti, na toka juu huwezi kuvitofautisha na bati lililochakaa. Tumetandaza nyavu chini ya kila kipande kabla ya mtu yeyote kupanda.

Wiki ya 6

Mlango mkuu. Katika mchoro ulikuwa behewa la nne, katikati ya ukuta wa mbele, ukiwa na kioo kipana mita 5. Tulipobomoa lipu hapo tukakuta vyuma viwili vilivyopishana msalaba toka nguzo hadi nguzo. Mchora ramani alidhani ni mabaki ya rafu za kupangia mizigo, akavipitishia mstari wa kukata.

Vyuma hivyo ndivyo vinavyolizuia ghala lisilale upepo unapolisukuma kwa urefu wake. Kenchi na nguzo zina nguvu kwa upana, lakini kwa urefu nguzo zote ni kama karata zilizosimamishwa mstari mmoja: zinategemea msalaba wa behewa moja au mawili kusimama wima. Mhandisi wa miundo alifika, akapima, akathibitisha kwamba misalaba iko behewa la nne na la saba tu. Ungeweza kukata mmoja na ghala likaendelea kusimama kwa miezi, mpaka siku ya upepo.

Mlango umehamia behewa la tano. Msalaba tumeuacha, tumeupiga msasa, tutaupaka rangi na kuuweka nyuma ya kioo ili kila anayeingia aone kinacholishika jengo. Mwenye jengo alikunja uso mwanzoni. Nilimpeleka akauguse ule msalaba, nikamweleza kazi yake, akaniambia tuupake rangi inayoonekana.

Wiki ya 7

Sakafu. Zege lina unene wa milimita 180, limebeba foklifti na rafu kwa miongo, kwa hiyo uzito wa madawati si hoja. Hoja ni unyevu. Majengo mengi ya namna hii yalimwagiwa zege juu ya kifusi bila karatasi ya nailoni chini yake, na foklifti haina habari na unyevu. Rangi ngumu ya epoksi inayo. Ukiipaka juu ya zege lenye maji inafura malengelenge ndani ya miezi.

Tulibandika vipande vya nailoni vya nusu mita kwa nusu mita mahali tisa, tukavizungushia utepe pande zote, tukaviacha usiku kucha na mchana wake. Sita vilikuwa vikavu. Vitatu vilikuwa na matone kwa ndani, vyote kando ya ukuta wa nyuma, na mbili kati ya hizo sehemu ziko karibu na zile nguzo zilizooza. Nikatoka nje. Bomba la gata upande huo lilikuwa limekatika juu kidogo ya ardhi na kwa miaka lilikuwa linamwaga maji ya paa lote la nyuma kwenye msingi. Kutu ya nguzo na unyevu wa sakafu vilikuwa na chanzo kimoja, bomba lililokosa kipande cha mita moja.

Tumeunga bomba, tumechimba mtaro wenye kokoto wa kuyapeleka maji mbali. Sakafu itapimwa tena baada ya wiki tano. Epoksi nimeifuta kwenye mpango. Tutasugua zege na kuling'arisha kwa mashine, madoa ya mafuta yaliyogoma kutoka yatabaki. Mistari ya njano iliyokuwa ikiongoza foklifti tumeiacha pia. Inakwenda moja kwa moja toka katikati hadi kwenye milango miwili ya mwisho, na nikiwa na njia ya dharura iliyokwisha kuchorwa sakafuni, sioni kwa nini niifute ili nichore nyingine.

Wiki ya 8

Vyoo, kwa ufupi. Mchoro uliviweka kona ya mbali, mita 18 toka kwenye chemba. Bomba la maji taka la milimita 100 linahitaji mteremko, nasi tunatumia 1 kwa 40 (mita 1 chini kwa kila mita 40), maana yake mwisho wa bomba ungekuwa sentimita 45 chini zaidi ya mwanzo wake, na chemba yetu haina kina hicho. Vyoo vimesogezwa karibu na chemba. Tumekata mita 4 tu za zege.

Wiki ya 9

Paa, ambalo ndilo moyo wa mradi huu. Saa saba mchana, jua wazi, nimepima upande wa ndani wa bati: nyuzijoto 58. Hewa ya usawa wa kichwa ilikuwa 33, lakini mwili ulikuwa unasema zaidi, kwa kuwa bati lililopata moto linakumulika kama jiko lililowekwa juu yako. Kupoza hewa peke yake hakumalizi adha hiyo. Ukiweka kiyoyozi chini ya bati tupu unalipia ubaridi huku utosi ukiungua.

Usiku tatizo linageuka. Bati hutoa joto lake kuelekea mbinguni hadi likawa na ubaridi kuliko hewa inayolizunguka, na unyevu wa ndani unashikana chini yake. Alfajiri ya Jumatano nilikuta sakafu imelowa madoa madoa na mvua haikunyesha. Yeyote atakayebandika pamba ya kuzuia joto moja kwa moja kwenye bati ataikuta imeloa kama sifongo.

Kwa hiyo tabaka zetu, toka nje kwenda ndani, ni hizi: bati jipya la rangi nyeupe inayorudisha mwanga wa jua, nafasi ya hewa ya milimita 50 iliyo wazi kuanzia gata hadi kwenye kofia ya paa ili hewa ipite, utando unaoruhusu mvuke kutoka lakini hauruhusu matone kuingia, pamba ya mawe ya milimita 120 kati ya papi na papi (vipande vinavyoshikilia bati), kitambaa cheusi, na mwisho, upande wa watu, mbao nyembamba zilizotobolewa matundu madogo madogo.

Mwenye jengo aliuliza matundu ya nini. Nikamwambia yanahusu yale makofi ya mzee, nitamwonyesha wiki ijayo.

Mhandisi alikuwa na swali lake: je, kenchi zitabeba? Mzigo mpya ni kama kilo 18 kwa kila mita ya mraba, jumla tani 17 hivi. Alipokagua akakuta kenchi hizi zilichorwa zibebe pia reli ya winchi ya kunyanyulia mizigo, na sisi reli hiyo tumeshaiondoa. Akapiga hesabu kenchi kwa kenchi, akaomba tuongeze sahani za chuma kwenye maungio manne. Akasaini.

Wiki ya 10

Mwangwi. Nimepasua puto katikati ya ghala mara tano na kurekodi. Sauti ilichukua wastani wa sekunde 6 kufifia. Ofisi ya wazi ya ukubwa huu nataka ifike sekunde 1 au pungufu.

Hesabu ninayotumia ina zaidi ya karne, na kisa chake kinanipa moyo kila nikikikumbuka. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la sanaa la Fogg ambao haukufaa kwa mihadhara: neno moja la mhadhiri lilibaki hewani kwa zaidi ya sekunde 5 na kuyameza yaliyofuata. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, alipewa kazi ya kuuponya. Alikuwa akiazima mito ya viti vya ukumbi mwingine wa chuo, Sanders Theatre, usiku watu wakiwa wamelala, anaipanga ndani ya ukumbi mbovu, anapuliza bomba la kinanda na kuhesabu muda mpaka sauti iishe, kisha anairudisha mito kabla hapajakucha. Mto baada ya mto akagundua kanuni: muda wa mwangwi ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, mara 0.161, kugawanya kwa jumla ya unyonyaji wa nyuso zote. Ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900 ulichorwa kwa msaada wa kanuni hiyo.

Ghala letu lina mita za ujazo 6,720. Sekunde 6 maana yake nyuso zake zote kwa pamoja zinanyonya sawa na dirisha lililo wazi la mita za mraba 180, ambalo sauti ikitoka hairudi. Nikitaka sekunde 1 nahitaji 1,082. Zulia peke yake halifiki popote. Ningelitandaza sakafu nzima lingeniletea 240 hivi. Uso pekee mkubwa kiasi cha kubeba kazi hii ni paa lenyewe. Pamba ile ile ya mawe inayozuia joto ni mnyonyaji hodari wa sauti mradi sauti iifikie, na hapo ndipo matundu yanapofanya kazi: sauti inapita matunduni, inapotelea ndani ya pamba. Tabaka moja, kazi mbili. Nikijumlisha paa, zulia kwenye sehemu za madawati, mapazia na watu wenyewe, hesabu inatua sekunde 0.9.

Niseme kwa haki: dari ya mita 3 ingemaliza mwangwi kwa urahisi zaidi, kwa kuwa ingekata zaidi ya nusu ya ujazo. Kama sauti ndiyo ingekuwa hoja pekee, mwenye jengo angekuwa sahihi.

Wiki ya 11

Tumemaliza behewa moja la mfano, la pili toka mwisho, tabaka zote kamili, tukalitenga na mengine kwa turubai nzito. Sikuandika ripoti. Niliweka meza moja na viti vinne, nikamkaribisha mwenye jengo saa saba mchana.

Mbao za juu zilipimwa nyuzijoto 31, huku bati la behewa jirani likiwa 58 kama kawaida. Tuliongea robo saa kwa sauti ya kawaida. Kisha nikamwomba avuke turubai aendelee kuongea. Alisema sentensi moja, akanyamaza, akarudi na kuketi, akainua macho kutazama kenchi, amekaa hivyo kwa muda. Mzee alikuwa jukwaani anajifanya anakaza nati.

Akaniuliza kuhusu gharama ya kupoza. Nikamweleza kwamba hatuhitaji kupoza mita 8, tunahitaji kupoza mita 2 za chini, pale watu walipo. Hewa baridi ni nzito, inakaa chini ukiipuliza taratibu. Joto la watu na mashine linapanda lenyewe na kutokea kwenye matundu ya kilele. Kimo anachokiogopa ndicho bomba la moshi la jengo hili.

Dari imefutwa kwenye mchoro leo, Alhamisi, saa tisa kasoro.

Wiki ya 13

Mwanga. Kanuni ya vitendo ni kwamba mwanga wa dirisha unafaa hadi umbali wa mara mbili, au mbili na nusu, ya kimo cha ukingo wake wa juu. Madirisha ya chini ya dari ya mita 3 yangekuwa na ukingo wa mita 2.7, yaani mwanga wa mita 6 hivi toka kila upande. Upana wetu ni 20. Katikati pangebaki mkanda wa mita 7 hadi 9 wa giza, watu wakiwasha taa saa nne asubuhi.

Bila dari, ukingo wa madirisha umepanda hadi mita 4.2, na paa linasaidia. Vipande vya faibaglasi vimeondoka, nafasi yake imeingia polikaboneti (plastiki ngumu) ya matabaka yenye rangi ya maziwa, karibu asilimia 10 ya eneo la paa, yote upande wa mteremko usiokabili jua la mchana. Rangi ya maziwa ni ya lazima. Kioo angavu kingetupa mraba wa jua unaotembea juu ya meza za watu siku nzima. Kabla ya kazi, kipimo katikati ya ghala kilikuwa luksi (kizio cha mwanga) 40 saa nne asubuhi. Leo, saa hiyo hiyo, mawingu kiasi: 520. Kiwango kinachotumika sana kwa kazi za kusoma na kuandika ni 500. Nilipima mara tatu nikidhani kipimo kimeharibika.

Wiki ya 15

Sakafu imepimwa tena. Sehemu zote tisa kavu. Mashine ya kung'arisha imeanza toka behewa la kwanza.

Roshani ya ndani imeanza kusimama, upande wa nyuma, mabehewa mawili. Ina nguzo zake na misingi yake, haining'inii kwenye kenchi wala haiegemei nguzo za ghala. Ofisi inahesabiwa kilo 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, na kenchi hazikuzaliwa kwa mzigo huo. Vyuma vyake vinapakwa rangi ya kuzuia moto, ile inayovimba ikipata joto na kuwa povu nene linalokifunika chuma. Chuma hakiungui, lakini kikifika nyuzijoto 600 hivi kinakuwa kimepoteza kama nusu ya nguvu yake, na rangi hiyo inawanunulia watu dakika za kutoka. Ngazi ni mbili, kila moja mwisho wake, ili aliye juu asitegemee njia moja.

Wiki ya 18

Nimekosea jambo na ninaliandika hapa ili lisirudiwe. Tulipomaliza paa lote mwangwi ulikufa kweli, puto linapasuka na kuishia hapo hapo. Timu ya watu kumi na wawili ikahamia mapema kujaribu. Siku ya tatu wakaniambia wanasikia kila neno la simu ya mtu wa meza ya nne. Mwangwi ulikuwa unachanganya maneno. Tulipouondoa tukayasafisha, na neno linaloeleweka ndilo linalokatiza kazi, kuliko kelele isiyo na maana.

Suluhisho limekuwa vyumba vidogo ndani ya ukumbi, kama nyumba ndani ya nyumba: saba vya mtu mmoja wa simu, vinne vya watu sita. Kila kimoja kina dari yake mwenyewe, kuta za tabaka mbili zenye pamba katikati, na mlango wenye mpira wa kubana pande nne ukiwemo ule wa chini. Mlango mzito wenye upenyo wa sentimita moja chini hauna faida, sauti inapita pale kama maji. Kila chumba kina kitambua moshi chake na tundu lake la hewa, kwa kuwa kisanduku kilichofungwa hakipati chochote kutoka kwenye ukumbi mkubwa.

Kati ya madawati na sehemu ya mapokezi tunaning'iniza mapazia mazito toka kwenye kenchi. Wazo hili nimelichukua LocHal, karakana ya treni ya mwaka 1932 mjini Tilburg, Uholanzi, iliyogeuzwa maktaba. Wao waliacha chuma chote wazi na kutumia mapazia makubwa mno kuugawa ukumbi bila kujenga ukuta. Mbunifu wa majengo Lina Bo Bardi alifanya kitu cha roho hiyo hiyo São Paulo, Brazili, katika kiwanda cha mapipa kilichokuwa kibomolewe: alikiacha kibaki kiwanda kwa macho, akaingiza watu. Nawaheshimu wabunifu wanaojua pa kuacha.

Wiki ya 20

Hewa. Tunapeleka lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu, jumla lita 1,100. Vipimo vya kaboni dayoksaidi viko sita, usawa wa mtu aliyeketi. Nje ni 420 hivi kwa kila chembe milioni. Ndani, na watu 60 waliokwisha kuhamia, saa kumi jioni inasoma 680. Tunataka ikae chini ya 1,000 watu wakitimia. Feni mbili kubwa za kenchini zinazunguka polepole bila mlio.

Mlango wa chuma wa kujiviringisha wa zamani, ule wa kupakilia mizigo, nimekataa uuzwe. Nyuma yake tumeweka kioo cha tabaka mbili. Ukiufungua asubuhi, behewa zima la nane linatazama nje.

Wiki ya 23

Watu wote 110 wameingia Jumatatu. Ilipofika saa nne nilijificha roshani nikasikiliza: mvumo mpole, vicheko viwili, mlango ukibana. Mzee alipanda ngazi taratibu, akasimama kando yangu, akapiga makofi mara moja. Watu watatu waligeuka kututazama, sauti ilishaisha. Akasema "haya, mwanangu," akashuka kwenda kukusanya vifaa vyake.

Yaliyobaki: mpira wa mlango wa chumba cha simu namba 3 umetoka upande mmoja, pazia la pili linagusa sakafu, lipunguzwe sentimita 2, nguzo ya nyuma tuliyoiunga ikaguliwe tena baada ya mvua kubwa ya kwanza, pamoja na lile bomba la gata.